Goti zima, nusu goti au kunyoosha mfupa: ulinganisho kwa anayefikiria upasuaji wa goti

Mtu akiambiwa na daktari wa mifupa kwamba goti lake limesagika, mara nyingi anachosikia ni jambo moja tu: wanataka kunikata goti waniwekee la chuma. Akirudi nyumbani familia inagawanyika. Mmoja anasema akubali haraka, mwingine anasema jirani alifanyiwa akabaki anachechemea. Lakini upasuaji wa goti uko wa aina zaidi ya moja, kila aina ina mtu wake, na yapo magoti mengi yanayouma ambayo hayajafikia kisu hata kidogo.

Mimi ni mfiziotherapia, mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Wagonjwa wananifikia baada ya daktari kumaliza kazi yake, kwa hiyo ninayaona matokeo zaidi ya ninavyouona upasuaji wenyewe. Wanaopona vizuri na kuridhika ni wale waliochagua kwa kuangalia mambo mawili: ni sehemu gani ya goti iliyoharibika, na mguu ule unarudi kufanya kazi gani, katika nyumba ya namna gani. Jina la kiwanda kilichotengeneza chuma, roboti na mengine yanayotangazwa sana huja nyuma kabisa ya hayo mawili.

Kwanza ujue kilichoharibika

Goti ni mahali mfupa wa paja unapokutana na muundi, na mbele yake kuna kile kifupa cha mviringo tunachokiita pia ya goti. Madaktari huligawa katika vyumba vitatu: cha ndani (upande unaotazama goti la pili), cha nje, na cha mbele chini ya pia. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, utando laini unaoteleza. Gegedu ikilika, mfupa unasuguana na mfupa, na hapo ndipo panapotoka maumivu, kuvimba na ile sauti ya kukwaruza. Kwa watu wengi chumba cha ndani ndicho kinachoanza kuisha, ndiyo maana miguu hupinda taratibu ikawa matege uzeeni.

Vyumba hivi ndivyo vinavyoamua upasuaji. Kilicholika kikiwa kimoja tu, una nafasi ya kuchagua. Vikiwa viwili au vitatu, au kama ugonjwa wenyewe ni baridi yabisi ile inayoshambulia viungo vingi kwa pamoja, nusu goti, yaani kubadilisha chumba kimoja tu, haliko mezani.

Picha ya eksirei ipigwe ukiwa umesimama. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu bado watu wanakuja na picha walizopigwa wamelala. Ukilala uzito hauko gotini, nafasi kati ya mifupa inaonekana nzuri kuliko ilivyo, na uamuzi mkubwa unafanyika kwa picha isiyosema kweli. Kwa mtu mzima mwenye goti lililosagika, eksirei nzuri ya kusimama mara nyingi inatosha bila kipimo cha MRI. Tena hakikisha daktari ameigusa na kuizungusha nyonga yako, maana nyonga mbovu ina tabia ya kupeleka maumivu gotini.

Njia ambazo hazihitaji goti jipya

Kuna mambo yanayopaswa kujaribiwa kwa dhati kabla. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya mbele ya paja, yakifanywa wiki kadhaa mfululizo, hupunguza maumivu kwa wengi. Uzito nao: kila kilo moja unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Bakora ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi huishika upande wa goti bovu na haiwasaidii kitu. Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza kwa wiki au miezi michache, ila mwambie daktari tarehe uliyochomwa, kwa sababu upasuaji ukifanyika ndani ya miezi mitatu baada ya sindano hatari ya maambukizi huongezeka.

Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki zinauzwa kama pipi, na hapa nina uchungu wa kweli. Mtu anameza kila siku miaka miwili, mitatu, goti likiendelea kulika vilevile, na siku anayoamua upasuaji anakutwa na vidonda vya tumbo au figo zimechoka. Kuhusu vidonge na poda za "kuongeza ute wa magoti", fedha hiyo ningeiweka kwenye nauli ya kwenda mazoezini.

Kuna pia upasuaji wa matundu madogo, kamera inaingizwa gotini na goti linasafishwa. Kwa kijana aliyechanika kitu mchezoni una kazi yake. Kwa goti lililosagika kwa umri, hapana. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 180: baadhi walisafishwa goti kweli, wengine walichanjwa ngozi tu bila kufanyiwa lolote ndani. Matokeo yalikuwa sawasawa. Ukiambiwa ulipie kusafishwa goti lililosagika, omba maoni ya daktari wa pili.

Goti zima

Neno "kubadilisha" linatisha kuliko kazi yenyewe. Goti halikatwi likatupwa. Daktari anaondoa tabaka la takriban sentimita moja kwenye ncha ya mfupa wa paja na juu ya muundi, kisha anavisha ncha ya paja kofia ya chuma cha kobalti na kromiamu, juu ya muundi anaweka sahani ya chuma, mara nyingi titani, na katikati kipande cha plastiki ngumu kinachofanya kazi ya gegedu. Nyuma ya pia ya goti anaweza kuweka kibonge kidogo cha plastiki au akaiacha ilivyo. Kazi yote huchukua kama saa moja hadi mbili, mara nyingi kwa ganzi ya mgongoni, ambayo kwa wazee wengi ina nafuu kuliko nusu kaputi.

Ndiyo njia inayojulikana zaidi na inayotabirika zaidi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia kumbukumbu za kitaifa za Australia na Finland, ulionyesha kwamba kati ya magoti mazima 100, takriban 82 yalikuwa bado yanatumika baada ya miaka 25. Mtu wa miaka 68 ana kila sababu ya kutarajia kwamba hatarudi tena mezani kwa goti hilo.

Na upande wa pili usemwe pia. Kati ya watu kumi waliobadilishwa goti zima, mmoja hadi wawili hubaki hawajaridhika, ama maumivu hayakuisha yote ama goti limekaza. Maambukizi ya ndani humpata mmoja au wawili katika mia, na yakitokea ni safari ndefu ya kufunguliwa tena. Ngozi ya upande wa nje wa kovu hufa ganzi kwa wengi. Goti hulia "tak" mara kwa mara, chuma kikigusa plastiki, na hilo halina madhara.

Nusu goti

Hapa chumba kimoja tu ndicho kinachovishwa chuma na plastiki, mara nyingi cha ndani. Vyumba vingine na ligamenti zote, zile kamba imara zinazofunga mfupa na mfupa, zinabaki zako. Goti la aina hii linalojulikana zaidi lilianzia Oxford, Uingereza, mwaka 1976.

Faida zake nazishuhudia kwenye mazoezi. Kovu ni fupi, damu inayopotea ni kidogo, mtu anasimama vizuri zaidi siku ya kwanza, na baada ya miezi michache wengi hukuambia wamesahau kwamba kuna kitu ndani. Hatari ya damu kuganda na ya maambukizi ni ndogo kuliko kwa goti zima. Utafiti wa Uingereza uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka mitano, nao ulichapishwa 2019, ulikuta nafuu ya wagonjwa inalingana kwa njia zote mbili, na nusu goti likiwa na gharama ndogo zaidi.

Kasoro yake ni kudumu. Katika zile kumbukumbu za kitaifa, baada ya miaka 25 takriban nusu goti 70 kati ya 100 ndizo zilizobaki. Sababu mojawapo ni kwamba vyumba vilivyoachwa navyo vinaweza kulika baadaye. Sababu nyingine ni daktari. Nusu goti linahitaji mkono uliolizoea, na anayefanya machache kwa mwaka hupata matokeo mabaya zaidi. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wako, kwa heshima na bila kuona haya, ni hili: "Daktari, nusu goti unafanya mara ngapi?" Akikwambia ni nadra, ningechagua goti zima kwa mkono wake kuliko nusu goti la kujaribu.

Masharti yake ni haya: chumba kimoja tu kimeisha hadi mfupa kwa mfupa, ligamenti ya mbele ndani ya goti ni nzima, mguu unanyooka karibu wote, na upinde wa mguu bado unarudishika daktari akiusukuma kwa mkono. Likikosekana moja, msilazimishe.

Kunyoosha mfupa

Hii haizungumzwi inavyostahili, na kwa nchi zetu nadhani ndiyo inayosahaulika kwa hasara kubwa zaidi. Chukua fundi ujenzi wa miaka 45, matege yamemzidi, chumba cha ndani kimelika, cha nje kizima. Bado ana miaka ishirini ya kubeba mifuko ya saruji na kupanda ngazi za mianzi. Ukimwekea plastiki gotini leo ataimaliza. Kinachofanyika badala yake ni kuukata muundi chini kidogo ya goti, kuufungua kwa kabari hadi mguu unyooke, na kuufunga kwa bamba na skrubu. Uzito unahama kutoka chumba kibovu kwenda kizima. Goti linabaki lake mwenyewe: anachuchumaa, anapiga magoti, anabeba.

Bei yake ni muda. Mfupa uliokatwa lazima uunge, na hilo huchukua miezi mitatu hadi sita. Wengi hutembea na magongo wiki kama sita. Maumivu hupungua lakini mara nyingi hayaishi kabisa kama kwa goti bandia. Anayevuta sigara mfupa wake unachelewa kuunga, na madaktari wengi watamtaka aache kwanza. Nafuu hudumu kwa wengi miaka kama kumi hivi, wakati mwingine zaidi, ndipo goti zima linapofikiriwa. Kwa mtu wa miaka 45, kumi hiyo ina thamani kubwa.

Zikikaa ubavu kwa ubavu zinaonekana hivi:

| | Goti zima | Nusu goti | Kunyoosha mfupa |
|---|---|---|---|
| Inamfaa nani | Vyumba viwili au vitatu vimeisha. Zaidi ya miaka 60 hivi | Chumba kimoja, ligamenti nzima | Chini ya miaka 55 hivi, matege, kazi nzito |
| Wodini | Siku 2 hadi 5 | Siku 1 hadi 3 | Siku 2 hadi 3 |
| Kuacha magongo | Wiki 4 hadi 6 | Wiki 2 hadi 4 | Wiki 6 au zaidi |
| Kukunja goti | Nyuzi 110 hadi 120 | Karibu na ulivyokunja kabla | Kama kabla |
| Kazi nzito | Haishauriwi | Kwa kiasi | Ndiyo, mfupa ukiunga |
| Muda wa kudumu | Mrefu zaidi | Mrefu, wa pili | Miaka kama 10 |

Choo, mkeka na sala

Vipeperushi vingi vya upasuaji huandikwa kwa mtu anayeishi kwenye sofa na choo cha kukaa. Sisi maswali yetu ni mengine, na wagonjwa huyauliza kwa sauti ya chini wakati daktari ameshaondoka: nitachuchumaa? Nitasujudu? Nitakaa kwenye mbuzi nikune nazi?

Nyuzi za goti, yaani kipimo cha linavyokunjika kuanzia sifuri likiwa limenyooka, zinajibu vizuri. Kutembea sehemu tambarare kunahitaji goti likunjike takriban nyuzi 65 hadi 70. Ngazi zinataka 90 na kidogo juu yake. Kuinuka kwenye kiti cha kawaida, kama 100. Kuchuchumaa kikamilifu kunavuka 130, na kukaa juu ya visigino kama kwenye tahiyatu kunakaribia 150. Goti zima lililofanikiwa vizuri huishia 110 hadi 120. Kwa hiyo daladala utapanda, ngazi utapanda, kitini utainuka bila kushikwa. Choo cha shimo cha kuchuchumaa kitakushinda, na ni afadhali ujue leo. Andaa kiti cha choo kabla ya kwenda hospitali. Fundi wa mtaani anachomelea fremu ya chuma yenye kiti kilichotobolewa katikati inayokaa juu ya shimo, na kazi imekwisha.

Kwa sala, dini inamruhusu asiyeweza kusujudu aswali ameketi kitini, na wazee wengi walikuwa tayari wanafanya hivyo kwa maumivu kabla hata ya upasuaji. Kupiga magoti juu ya goti bandia hakuliharibu, kovu likishapona. Wengi huona karaha tu kwa sababu ya ile ganzi ya ngozi, na godoro dogo au mto chini husaidia. Mwenye nusu goti ana nafasi nzuri zaidi ya kurudi chini kwenye mkeka, na aliyenyooshwa mfupa nzuri kuliko wote. Kama kusujudu ni jambo lisilokutoka moyoni, mwambie daktari kabla hajapanga, maana linaweza kubadilisha ushauri wake kwa aliye katikati ya njia mbili.

Jambo moja hupuuzwa: kinachotabiri zaidi goti litakunjika kiasi gani baadaye ni lilikuwa likikunjika kiasi gani kabla. Anayesubiri hadi goti limekakamaa nyuzi 70 hatapewa 120 na chuma chochote. Hapo ndipo kuchelewa kunapogharimu.

Baada ya upasuaji

Siku ileile au kesho yake asubuhi tunakusimamisha. Fremu ya kutembelea mbele, mimi ubavuni, na mara nyingi binti au mkwe amesimama mlangoni akitetemeka kuliko mgonjwa. "Mama, egemea mikono yako, huo mguu unabeba." Na kweli unabeba, goti bandia lililofungwa kwa saruji ya mifupa, gundi inayoshikisha chuma kwenye mfupa, linamudu uzito wako tangu siku hiyo. Hatua nne au tano kutoka kitandani hadi kitini, basi, inatosha.

Adui wa kwanza ni mto. Mgonjwa analala, goti linauma, mtu mwenye huruma anamwekea mto chini ya goti na maumivu yanatulia. Akikaa hivyo wiki mbili goti linazoea kupinda, na goti lisilonyooka humfanya mtu achechemee maisha yake yote. Kunyoosha kuna uzito kuliko kukunja. Taulo likunjwe liwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani lishuke lenyewe kwa uzito wake, na mgonjwa alisukume chini kwa misuli ya paja, ahesabu hadi tano, aachie. Mara kumi, mara tatu au nne kwa siku. Kwa kukunja, akae ukingoni mwa kitanda, mguu mzima upite mbele ya uliofanyiwa na kuusukuma taratibu kurudi nyuma hadi pale panapobana, ashikilie. Kitandani, mfuko wa plastiki chini ya kisigino huufanya mguu uteleze kwenye shuka bila shida. Lengo ni nyuzi 90 kufikia kati ya wiki ya pili na ya sita. Goti lisilofika huko kwa wiki sita lirudishwe kwa daktari mapema, kwa sababu kuna dirisha fupi la kulikunja kwa nusu kaputi kabla makovu ya ndani hayajakomaa.

Adui wa pili ni maji ya moto. Kwetu mgonjwa hukandwa, ni upendo, na shangazi akifika na sufuria na taulo hakuna anayethubutu kumzuia. Mzuieni. Joto huongeza uvimbe, jeraha halitakiwi kuloana, na kuchua shavu la mguu lililovimba ni hatari kama damu imeganda humo ndani. Kinachotakiwa ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, baada ya mazoezi. Mwenye mapenzi ya kukanda ashike kazi ya kuhesabu mazoezi.

Wiki ya pili na ya tatu ndizo ngumu, na hamna anayewaambia watu hivyo. Dawa kali za wodini zimekwisha, usingizi hauji, goti limevimba na ni la moto, na mgonjwa anaanza kujuta. Ni kawaida. Nyuzi za kushonea jeraha au pini hutolewa siku ya 10 hadi 14. Dawa ya kuzuia damu kuganda huendelea hadi daktari aseme, usiikatishe kwa sababu unajisikia vizuri. Kwenye ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza uliofanyiwa.

Kufikia wiki ya sita wengi wa goti zima wako kwenye bakora moja au bila, na gari linaweza kufikiriwa kama breki unaikanyaga kwa nguvu bila kusita. Kazi ya ofisini hurudi kati ya wiki nne na nane, ya kusimama kutwa karibu miezi mitatu. Uvimbe na joto kidogo huendelea miezi kadhaa, na goti linaendelea kuboreka hadi mwaka mzima. Usilihukumu mwezi wa pili. Wa nusu goti huwa mbele ya ratiba hii kwa karibu nusu ya muda mwanzoni. Wa kunyooshwa mfupa yuko nyuma yake.

Kwa hiyo kabla ya kupanga tarehe, jua fiziotherapia utaifanyia wapi. Ukitoka wilaya isiyo na mtaalamu, ni busara kukaa kwa ndugu mjini wiki sita za kwanza, au kumfundisha kijana mmoja wa nyumbani mazoezi yote kabla hamjaondoka wodini, afanye mbele ya mtaalamu hadi ayaweze.

Yanayotangazwa sana

Roboti humsaidia daktari kukata mfupa kwa usahihi zaidi, lakini tofauti kubwa kwa mgonjwa mwenyewe, kwa maumivu na kutembea, tafiti hazijaionyesha. Saruji ya mifupa ndiyo njia iliyozoeleka. Magoti yasiyotumia saruji yanakuja kwa wenye mifupa imara, na kwa mzee halina haja ya kukunyima usingizi. Magoti yote mawili kwa mpigo mmoja ni ganzi moja na kipindi kimoja cha mateso, ila moyo na mapafu hubeba mzigo mkubwa. Mwenye ugonjwa wa moyo au umri mkubwa atenganishe, kama miezi mitatu kati ya goti na goti.

Chenye uzito zaidi kuliko hayo ni mwili unaoingia nao. Sukari ishuke kwanza na ikae chini. Jino bovu litolewe, kidonda cha mguuni kipone, maambukizi ya mkojo yatibiwe, damu ipandishwe kama ni kidogo. Anayeishi na VVU anafanyiwa kama wengine virusi vikiwa vimedhibitiwa na dawa. Daktari anayekuahirisha kwa sababu hizi anakulinda.

Hapa nyumbani au India

Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inabadilisha magoti Dar es Salaam; Kenya kuna hospitali za Kenyatta, Kikuyu na Kijabe, mbali na hospitali binafsi. Wengine bado wanafunga safari kwenda India, na sababu mojawapo ni bei: Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha bei ya vipandikizi vya goti, goti la kawaida la kobalti na kromiamu likapangiwa rupia 54,720 kabla ya kodi. Kabla ya kulinganisha, omba kila hospitali ikuandikie gharama zote: kipandikizi, chumba, ganzi, dawa, fiziotherapia. Mara nyingi bei unayotajiwa kwenye simu haina kipandikizi ndani. Uliza bima yako kwa maandishi kama inalipa kifaa chenyewe au upasuaji tu.

Msimamo wangu ni kwamba goti la kwanza, lisilo na utata, lifanyiwe karibu na nyumbani kila inapowezekana. Kazi kubwa iko katika wiki zinazofuata, na jeraha likitoa maji wiki ya tano unamtaka aliyekupasua awe safari ya basi, asiwe ng'ambo ya bahari. Safari ndefu ya ndege mapema baada ya upasuaji nayo huongeza hatari ya damu kuganda. Madaktari wengi hushauri kusubiri wiki sita au zaidi, na hizo ni wiki sita za kulipia malazi. India ina nafasi yake kwa goti linalorudiwa, lenye maambukizi ya zamani, au lililopinda vibaya sana. Hivyohivyo kwa kambi za madaktari wageni: nzuri, ila jua kwa jina nani atakayekufuatilia wakiondoka.

Popote utakapofanyiwa, omba stika za kipandikizi. Kila kipande kinakuja na stika yenye jina la kiwanda, saizi na namba, na hubandikwa kwenye faili lako. Omba nakala, uipige picha kwa simu, umpe na mtoto wako. Miaka 15 baadaye daktari atakayetaka kubadilisha kile kipande cha plastiki tu atahitaji kujua ni cha nani na saizi gani, na faili la hospitali huenda halitaonekana.

Mambo ya kumrudisha mtu hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, ni haya: shavu la mguu limevimba na kuuma upande mmoja, kifua kinabana au pumzi zinakata, jeraha linatoa usaha au maji baada ya siku chache za mwanzo, homa, goti lililokuwa linaendelea vizuri likaanza ghafla kuuma na kuwa jekundu. Na jeraha likitoa maji, usipitie duka la dawa kununua antibayotiki. Vidonge vitaficha kijidudu bila kukimaliza, na daktari akija kunyonya maji ya goti ayapime atashindwa kukitambua. Mpigie aliyekupasua kwanza.